Fundi Ako Mteja, Mteja Ako Juani: Mbona Kubuku Makanika Aje Ganjoni Imekuwa Kamari

Wasee wa Mombasa, hebu tuongee ukweli. Kuna maneno mawili yameibia watu wa hii kisiwa masaa mengi kuliko foleni ya feri ya Likoni: "Niko njiani."

Umepiga simu saa tatu, ako njiani. Umepiga saa nne, amefika Makupa. Saa tano unaskia nyundo inagonga chuma hapo karibu na simu yake, kumaanisha bado ako chini ya gari ya mtu mwingine, na bado anakuapia ako njiani. Ukipiga saa sita, yule dada wa kwa simu anakuambia mteja hapatikani kwa sasa.

Mteja gani tena? Mteja ni wewe. Na wewe unapatikana vizuri sana. Uko hapo chini ya mwarobaini, ndai imekufa, jasho inashuka, na pesa ya kushikiwa nafasi ulishatuma.

Leo nataka tuichambue hii biashara ya mafundi wa gari wa kuja home, wale unabuku kwa WhatsApp ama Instagram wanakuja kwa parking yako na begi la spana. Si kwa ubaya. Hii ni huduma mtu wa Ganjoni anaihitaji kweli. Lakini venye inaendeshwa saa hii, wanaoumia ni watu wenye gari ni kazi yao, si wale gari ni ya kuzungukia Mama Ngina jioni wakila mihogo.

Jumamosi ya shangazi

Nianze na ya kwetu, ju hapo ndipo hasira yangu ilitoka.

Shangazi yangu anakaa Ganjoni na anapika. Anapika kwa oda: mahamri na chai za ofisi asubuhi, chapati na kuku wa kupaka za mikutano, pilau na viazi vya rojo za harusi. Gari yake ni Probox ya zamani kidogo, na hiyo Probox ndiyo biashara yenyewe. Ikilala, sufuria zinalala.

Alhamisi jioni Probox ikaanza vituko. Unazungusha ufunguo, inafanya kak, kak, kak, halafu kimya. Ikisukumwa inawaka. Shangazi alikuwa na oda ya harusi Jumamosi, Mji wa Kale, chakula kifike kabla ya saa saba mchana. Mimi kama kijana wa mtandao nikajifanya mjuaji. Nikamwambia, shangazi, tulia, siku hizi fundi anabukiwa kwa simu.

Tukapata peji moja safi. Picha kali, fundi amevaa ovaroli haina hata doa la oili, maneno matamu: tunakuja ulipo, saa yoyote, kisiwani na ng'ambo. Jina lao sitalitaja, na hata halisaidii, ju nikiwaeleza hii stori kila mtu ananiambia ya kwake na peji tofauti.

Shangazi akarekodi sauti akawatumia. "Mwanangu, gari yangu inasumbua kuwaka, nataka mnione Jumamosi saa tatu, nina kazi mchana." Jibu likaja haraka: sawa mamangu, tuma 1,500 ya kushika nafasi, itatolewa kwa bili. Nambari ya kutumia pesa haikuwa ya biashara. Ilikuwa nambari ya mtu. Akatuma. Wakajibu: "Sat 3.00. Asante kwa kutuchagua."

Umeiona? Shangazi hakuiona. Mimi pia sikuiona.

Jumamosi saa tatu hakuna mtu. Saa tatu na nusu nikapiga. "Tuko njiani." Saa nne na nusu, "Tuko Makupa, kuna jam." Saa tano na robo simu ikazimwa. Shangazi amesimama kwa mlango na leso kiunoni, pilau iko tayari, sinia zimefunikwa, anaangalia barabara kama mtu anayengoja mwezi wa Ramadhani. Akachukua simu yangu, ikapatikana mara moja, akamuuliza yule kijana kwa upole, ule upole wa mama wa Pwani ambao unatisha kuliko matusi: "Mwanangu, niambie kweli tu. Uko wapi?"

Kijana akajibu, "Lakini mamangu, si wewe umebukiwa saa tisa?"

Hapo ndipo tukaelewa. Shangazi alisema saa tatu ya Kiswahili, saa tatu asubuhi. Mtu wa peji akaandika 3.00. Fundi akasoma 3.00 kama saa ya Kizungu, yaani saa tisa mchana. Watu watatu, saa mbili tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeuliza "asubuhi ama mchana?" Na sasa jiulize: kama fundi alijua ni saa tisa, ile "tuko njiani" ya saa tatu na nusu ilikuwa ya kwenda wapi?

Tukaita tuktuk. Safari tatu kutoka Ganjoni hadi Mji wa Kale, sufuria moja imeshikwa kwa magoti, rojo ikimwagika kila tukipiga kona. Chakula kilifika kimechelewa karibu saa nzima. Wenye harusi walikata 2,000 kwa malipo, na zaidi ya hiyo pesa, kuna mama mmoja hapo alikuwa anataka kumpa shangazi oda ya mwezi ujao. Hajapiga mpaka leo.

Fundi alikuja saa tisa na nusu. Si yule tuliyebonga naye, mwingine kabisa, hajui chochote kuhusu gari. Akajaribu ufunguo mara mbili akasema stata imeisha, ni 14,000 na kazi. Shangazi akakataa. Akadai ya usafiri juu ya ile 1,500. Tukaachana vibaya.

Jumatatu mzee mmoja fundi wa hapo nyuma ya flats, ambaye hana peji wala ovaroli safi, alifungua boneti akaangalia vichwa vya betri. Vimeota ule unga mweupe wa kijani. Akavisugua na msasa, akamwagia maji moto, akakaza. Probox ikawaka mara ya kwanza. Akaitisha soo tatu.

Gari za hapa zinaumwa kivyake

Kabla tulaumu mtu, elewa mbona hii huduma inahitajika hivi.

Magari mengi ya mitumba yanayoendeshwa Kenya yanashukia hapa kwetu, bandarini. Kanuni ya KS 1515 inasema gari ya mitumba isiwe imepita miaka 8 ikiingia nchini. Kumaanisha ile ndai unaita mpya, siku inakanyaga Mombasa inaweza kuwa tayari imemaliza miaka saba ikizunguka Japani. Halafu inaanza maisha ya pili kwa kisiwa chenye hewa ya chumvi. Chumvi na unyevu zinakula vichwa vya betri, zinakula nyaya za ardhi, zinakula chini ya gari pole pole. Joto nalo linaua betri, na AC huku si starehe, ni uhai.

Sasa weka hiyo gari Ganjoni. Hii ni sehemu ya flats, ofisi na kliniki, karibu na Moi Avenue yenye kutafuta parking ni vita. Ikizimia Mji wa Kale ni mbaya zaidi, ju kuna vichochoro brekidauni haiwezi kuingia hata ukiiombea dua. Kwa hivyo wazo la fundi kuja na begi badala ya gari kuvutwa hadi gereji ni wazo la akili sana. Si kitu cha mabarobaro wa Nyali tu. Ni jibu la shida ya kweli.

Lakini hii ni kisiwa chenye milango michache: Nyali Bridge kaskazini, Makupa magharibi, feri kusini. Fundi akiwa na kazi Kisauni asubuhi, nyingine Likoni mchana na yako Ganjoni katikati, mpango wake wa siku unategemea madaraja na feri. Kila mtu hapa anajua. Sasa mbona anakuambia nusu saa?

Mtu mmoja, kazi tano

Nimeongea na fundi mmoja wa hapa, rafiki wa rafiki, anayefanya hii kazi ya kuzunguka. Alinieleza siku yake na hasira yangu ikashuka kidogo.

Yeye ndiye anashika simu. Yeye ndiye anajibu WhatsApp. Yeye ndiye anaenda kutafuta spea. Yeye ndiye anarepea. Na yeye ndiye anadai pesa. Mikono iko na grisi, simu inalia, na ukichelewa kuijibu mteja ameshaenda kwa mwingine. Kwa hivyo anajibu "niko njiani" ju ndiyo sentensi fupi kabisa inayomfungia mteja asihepe.

Halafu kuna ile hesabu ya kamari. Anakubali kazi tano kwa siku akijua anaweza kumaliza tatu. Mbona? Ju wateja pia ni noma. Mtu anabuku mafundi watatu kwa wakati mmoja, wa kwanza kufika ndiye anapata. Mwingine anaita fundi, fundi analipa tuktuk mpaka Ganjoni, akifika anaambiwa gari imewaka yenyewe, asante, na nauli hakuna. Mwingine anazima simu. Ameshawahi kununua spea na doh yake, akavuka feri nayo, na mteja akawa mteja. Kwa hivyo anabuku kupita kiasi ndio asikae njaa.

Hiyo hesabu si ya kijinga. Hata mashirika ya ndege duniani huuza tiketi kupita viti, ju wanajua kuna abiria hawatatokea. Tofauti ni kwamba ndege ikijaa, kuna mtu kwa kaunta wa kukuangalia usoni na kukuambia, na mara nyingi anakupa kitu cha kukupoza. Huku kwetu hasara yote inaangukia yule amesimama juani. Muda wa fundi una bei. Muda wako hauna.

Na usidhani ni mafundi wa magari tu. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi za Kenya ziko kwa sekta ya jua kali kulingana na takwimu za serikali. Hata hilo neno sekta isiyo rasmi lilijulikana duniani kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya 1972. Fundi wa mfereji, wa friji, wa DSTV, wa kushona, ni stori moja. Nguo ya Idi umeambiwa iko tayari, imebaki vifungo tu. Unajua venye hiyo huishia.

Kilichopotea kati ya mtaa na simu

Hapa sasa ndipo naona shida yenyewe iko.

Zamani, na hata sasa ukibahatika, fundi alikuwa wa mtaa. Anaswali msikiti mmoja na babako, ama mnakutana kanisani. Mamake anajua mamako. Akikudanganya leo, kesho atakuona kwa duka la maziwa na utamsalimia kwa ile sauti. Hakuhitaji kastoma kea, ju aibu ilikuwa inafanya hiyo kazi. Jina lake likiharibika Ganjoni, ameharibika.

Halafu simu ikaja ikampanua. Sasa anaweza kupata mteja Bamburi, Mtwapa, Changamwe. Hiyo ni poa kwake. Lakini ile aibu haikusafiri nayo. Akinikosea mimi, hatutakutana tena milele, na kesho kuna mjinga mwingine kama mimi atapenda ile picha ya ovaroli. Tulitoa kile kitu kilikuwa kinamshikilia, na hatukuweka kingine mahali pake.

Angalia teksi za app. Si kwamba madereva wake ni malaika. Sote tunajua ile simu ya "unaenda wapi? Unalipa cash ama M-Pesa?" halafu safari inakatwa. Lakini angalau unaona gari kwa ramani, nambari ya gari iko, kuna nyota, na akikata sana kuna mtu juu yake anamuona. Ama chukua AA Kenya, chama cha wenye magari ambacho kimekuwepo tangu 1919: mwanachama analipa kabla gari haijaharibika, kwa hivyo kuna mtu ana deni lake siku ikiharibika. Peji ya Instagram haina nyota unaweza kuamini, haina mtu juu, na ukiandika malalamiko pale chini yanafutwa kabla chai ipoe.

Kilichobaki ni lugha ya mtaa bila mtaa wenyewe. "Mamangu usijali." "Bro niamini." "Inshallah saa tatu." Na hiyo ya mwisho tuwe waangalifu nayo. Inshallah ya kweli ni ya mtu ameshafunga begi, anajua tu kwamba binadamu hupanga na Mungu hupanga. Siku hizi kuna inshallah nyingine ya kukutoa kwa simu. Shangazi anasema anaitambua kwa sauti, ya uongo huwa ndefu.

Sheria iko, lakini nani anaijua?

Watu wengi wanadhani huku ni pori, hakuna sheria. Iko, na ni kali kuliko unavyodhani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Hiyo ina sehemu nzima kuhusu kurepea magari. Fundi anafaa kukupa makadirio ya bei kabla, ama wewe umwambie kiwango cha juu unachokubali. Bili haifai kupita hayo makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Kazi hukuiruhusu, hafai kukulipisha. Akitoa spea ya zamani, unafaa kurudishiwa ukiitaka. Na kama kuja tu kuangalia gari kuna malipo, unaambiwa mapema, si ukishafungua mlango.

Na ile saa tatu yetu? Hiyo sheria inaongea pia kuhusu mikataba ya kuandikiana kwa intaneti. Inasema anayeuza lazima akupe nafasi ya kukubali, kukataa na kusahihisha makosa kabla mfunge makubaliano. Ujumbe mmoja tu, "Jumamosi saa tatu asubuhi, Ganjoni, Probox haiwaki, sawa?", na shangazi angekuwa na ile oda ya mwezi ujao.

Ukichezwa kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo inayosikiza kesi za pesa zisizozidi milioni 1, na huhitaji wakili. Lakini tuwe wakweli. Nani ataenda kortini kwa 1,500? Hakuna. Na peji za aina hii zinajua hakuna. Hiyo 1,500 ni ndogo ya kukuacha ukasirike na kubwa ya kukuharibia wiki. Ndio maana hii kitu haiwezi kuachiwa sheria peke yake.

Kabla utume doh

Kwa hivyo cheza kwa akili. Haya ndiyo nimejifunza kwa uchungu.

Kwanza, sema saa na kipindi chake. "Saa tatu asubuhi." Akiandika 3.00, mrudishie: "Asubuhi, sivyo?" Unaonekana msumbufu, lakini utapona.

Pili, uliza nani anakuja, jina na nambari yake, si nambari ya peji. Kama anayejibu simu si anayekuja na spana, wewe bado hujabuku fundi. Umebuku dalali.

Tatu, angalia kama anakuuliza maswali kuhusu gari. Hii ndiyo siri kubwa. Fundi mzuri anaanza kurepea akiwa kwa simu. Inalia kak kak ama iko kimya? Taa za mbele zinawaka vizuri ama zinafifia? Betri ni ya lini? Maswali matatu hivyo na angejua aje na msasa kabla afikirie stata. Mtu ambaye swali lake la kwanza ni "uko na 1,500?" amekuambia kila kitu.

Nne, lipa kwa till ya biashara yenye jina, si kwa nambari ya mtu. Ukikosea ama ukishtuka mapema, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe pesa irudishwe. Haina uhakika kila wakati, lakini ukifanya haraka una nafasi.

Tano, soma bima yako. Watu wengi wenye bima kubwa wana huduma ya kuvutwa ama kusaidiwa barabarani ndani yake na hawajui, wameifunga kwa droo na logbuku.

Sita, na hii ni yetu wateja: usibuku watatu. Ukipata mwingine, pigia wa kwanza umwambie. Akija na gari imewaka, mpe nauli yake. Hatuwezi kulia kuhusu ahadi tukiwa sisi wenyewe tunazitupa kama maganda ya njugu.

Na wewe fundi, hii ni yako

Bro, kazi yako naiheshimu. Wewe unalala chini ya injini moto na lami inachoma mgongo, mimi nimekaa naandika. Unaweza kuwa na cheti cha NITA gredi ya kwanza na mikono ya dhahabu. Lakini cheti kinaniambia unajua injini, hakiniambii kama utakuja.

Hakuna anayetaka uwe na ofisi na dada wa kupokea simu kwa sauti ya asali. Daftari ya soo moja inatosha. Andika jina, gari, ugonjwa, mahali, saa na asubuhi ama mchana. Usiweke kazi ya Likoni na ya Kisauni kwa asubuhi moja kama huna mabawa. Taja bei ya kuja, kisha makadirio, kisha usiguse kitu kabla mtu aseme sawa. Na ukiona umekwama, piga wewe. Usingoje kupigiwa.

Ju ukweli ukija mapema, mtu anajipanga. Shangazi angeambiwa saa mbili asubuhi kwamba hakuna fundi leo, angeita pickup ya jirani, chakula kingefika moto, na ile 1,500 angeisahau. Hakuumizwa na fundi kukosekana. Aliumizwa na masaa matatu ya kuambiwa anakuja.

Yule mzee wa nyuma ya flats sasa ndiye daktari wa Probox. Wiki iliyopita breki zilianza kulia, shangazi akampigia. Mzee akauliza zinalia ukikanyaga ama hata ukiachilia, akauliza mguu gani, akasema kesho saa mbili asubuhi.

Kesho yake saa moja na nusu simu ya shangazi ikalia. Ni mzee. Akasema yuko dukani kwa spea, hawajafungua bado, atachelewa kama nusu saa, asimame ama aje kesho?

Alichelewa dakika arobaini. Alipofika alikuta chai na mahamri mezani.